Sita kwa Kumi

Kila asubuhi, kabla ya kumgusa mtu yeyote, Atuganile alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili mpaka viganja vikapata moto. Chai yenyewe hakuinywa. Mara nyingi ilipoa mezani ikasahaulika. Baridi ya Mbeya mwezi wa Juni haina adabu, na mgongo wa mtu aliyetoka kitandani sasa hivi haustahili kuguswa na vidole vya barafu.

"Ugonile, daktari," Subilaga alisema akiingia, blanketi begani, macho bado yamevimba usingizi.

"Nimelala salama, Dada Subi. Geuka."

"Wewe hata salamu unaipimia kwenye mizani."

Akageuka, akaangusha blanketi, akabaki na nguo zake fupi za mazoezi. Atuganile akaanza kumbandika utando. Ulikuwa mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu, na katikati yake zilipita nyuzi ndogo kuliko unywele, nyuzi zilizosikiliza kila msuli na kila kano kuanzia kisogoni hadi visiginoni. Alibandika pande la mgongo kwanza, akalipapasa viputo vya hewa vikatoka, kisha nyonga, mapaja, magoti. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka minne. Aliufahamu mwili wa Subilaga kuliko alivyoufahamu wa kwake.

Subilaga alikuwa akizungumza muda wote. Alizungumza juu ya kaka mmoja wa Uyole aliyetaka kumchumbia, juu ya uji wa kambi ulioungua, juu ya mbwa wa mlinzi. Atuganile alijibu "mh" na "kweli?" Alikuwa mtu wa kuipanga sentensi kichwani, kuipunguza hapa na kuiongeza pale, na alipoona imekaa sawa watu walikuwa wameshahamia habari nyingine. Chuoni walimwandikia kwamba mahesabu yake ni mazuri mno, ila sauti yake haifiki nyuma ya darasa.

"Msichana wa umri wako alitakiwa awe anasengenya," Subilaga alilalamika. "Sasa nasengenya peke yangu kama redio. Jumamosi nikishinda, nitakubeba mgongoni nikushushe ngazi za jukwaa mbele ya Dodoma nzima, tuone kama hutapiga kelele."

"Usinibebe."

"Desturi ni desturi. Mshindi wa Mbeya anambeba mpimaji wake. Tangu lini umeona nakwepa mzigo?"

Akaenda kukaa nyuma ya pazia na bakuli lake la uji, mgongo ukiwa umeelekea kioo kikubwa cha mtambo kilichokuwa ukutani, kama sheria ilivyotaka. Atuganile akamwamsha Pacha.

Pacha hakuwa na uso. Alikuwa mwili wa kijivu uliosimama ukutani, urefu wa mtu, na ndani yake kulikuwa na kila kilichowahi kupimwa kwa Subilaga: urefu wa paja, pembe ambayo nyonga zilifungukia, kasi ya viwiko vikiingia chini ya chuma, uchovu wa jana. Hata tabia yake ya kugonga sakafu kwa kidole gumba cha mguu kabla ya kuinama Pacha alikuwa nayo, ingawa hakuna aliyemfundisha. Kila asubuhi Pacha alinyanyua kwanza uzito ambao Subilaga angenyanyua siku hiyo. Akifaulu, Atuganile alichovya kiganja kwenye chaki akampiga Subilaga katikati ya mabega. Utando ulikitambua kiganja hicho na hakuna kingine, na taa ya jukwaa ikageuka kijani. Bila hivyo, taa ilibaki nyekundu, na aliyenyanyua kwenye taa nyekundu alifungiwa maisha. Pale kambini jambo hilo waliliita kupewa mkono. Hapakuwa na maneno ndani yake, na kwa Atuganile kazi ambayo mkono ulisema kwa niaba ya mdomo ilikuwa kama kazi iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Siku hiyo ulikuwa uzito wa kilo mia na thelathini na moja, ambao Subilaga alikuwa ameshaunyanyua mara kadhaa tangu Pasaka. Pacha akagonga kidole gumba. Akainama, akavuta, chuma kikapanda kikipita karibu na mwili kama kinavyotakiwa, viwiko vikageuka, akazama chini kukipokea. Goti la kushoto likaingia ndani. Liliingia kama mlango uliong'oka bawaba, na paja likaenda kwake na muundi ukaenda kwake, na mwili wa kijivu ukalala sakafuni na chuma juu yake.

Kioo hakitoi sauti. Hilo ndilo lililomuumiza Atuganile kuliko yote, ule ukimya, na nyuma ya pazia kijiko kikiendelea kukwangua bakuli.

"...nikamwambia, kaka, mimi nabeba kilo mia na thelathini juu ya kichwa, wewe na baiskeli yako utanipeleka wapi?" Subilaga alicheka mwenyewe. "Daktari? Umesikia lakini?"

"Nimesikia."

"Haya, mkono. Napoa."

Ukutani, Pacha alikuwa ameshasimama tena, mzima, akisubiri kuamriwa. Aligonga kidole gumba.

"Subiri kidogo, Dada Subi," Atuganile alisema. "Mtambo unasumbua."

*

Mwalimu Ngailo alisimama mbele ya kioo, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa mnyanyuaji enzi ambazo mtu alipimwa kwa macho tu, na shingo yake bado ilikuwa pana kama kisiki. Subilaga alikuwa amepelekwa uwanjani kukimbia polepole, akiamini mtambo mbovu.

"Rudia," Mwalimu alisema.

Atuganile alirudia mpaka zikafika mara kumi. Sita, Pacha alinyanyua, tena vizuri. Nne, alianguka, na zote nne alianguka palepale.

"Ni kano iliyo chini ya pia ya goti," Atuganile alisema. Kwenye mahesabu sauti yake ilipata nguvu kidogo. "Mwaka juzi alipoumia nyonga ya kulia, mwili ulijifunza kuikwepa. Akizama kupokea chuma anaegemea kushoto, kidogo sana, jicho halioni. Lakini wakati ule wa kupokea, kwa muda mfupi kuliko kupepesa, kano isiyozidi upana wa vidole viwili inabeba mzigo wa gari dogo. Imebeba hivyo miaka miwili. Ndani imechakaa."

"Yeye mwenyewe analalamika?"

"Hapana. Kano ya namna hiyo haiumi. Inakatika tu."

"Dawa yake?"

"Kupumzika. Miezi minane, labda na zaidi."

Mwalimu alicheka pumzi moja ya puani, bila furaha. Majaribio ya kuchagua timu ya Michezo ya Bara yalikuwa Jumamosi, na nafasi katika uzito wa Subilaga ilikuwa moja. "Sheria ya Shirikisho inasemaje, binti?"

"Pacha akinyanyua zaidi ya nusu, mpimaji atoe mkono."

"Amenyanyua ngapi?"

"Sita. Lakini Mwalimu, wale Pacha wanne walioanguka hawakudondosha chuma kama watu wanavyodondosha kila siku. Wamekatika."

"Sheria inauliza wamekatika, au inauliza wamenyanyua?"

Atuganile akatazama chini. "Inauliza wamenyanyua."

"Basi."

Hakusema kwa ukali. Alivuta kiti akaketi karibu naye, akaonekana mzee ghafla. "Nisikilize, mwanangu. Mara mbili Subi amekuwa mchezaji wa akiba. Mara mbili amepanda ndege, amekaa kwenye benchi na tracksuit yake mpya, amerudi. Sasa ana miaka ishirini na tisa. Ukimnyima mkono Jumamosi umemmaliza, na wala hutakuwa na sababu ya kisheria. Na Pacha hana moyo. Nimeona watu wakinyanyua uzito ambao Pacha wao aliulalia kifudifudi."

"Basi nimwambie. Achague mwenyewe."

Mwalimu akanyoosha kidevu kuelekea dirishani, ng'ambo ya uwanja, jikoni, ambako moshi ulikuwa unatoka.

"Dada Tumpe alisema maneno hayohayo," alisema. "Neno kwa neno."

*

Lusekelo, mnyanyuaji wa zamani, alikuwa akigawa maharage ya mchana. Alikuwa mtu mrefu, mabega yake yakiujaza mlango wa jikoni, na ukimwona mara ya kwanza ungedhani ndiye mwenye nguvu kuliko wote kambini. Lakini alichota maharage kwa kikombe cha plastiki, kikombe baada ya kikombe, kutoka kwenye sufuria kubwa hadi kwenye sufuria ndogo, kwa kuwa sufuria kubwa hakuweza kuinyanyua. Madaktari walikuwa wamempima kila mahali. Misuli mizima, mishipa ya fahamu mizima, uti wa mgongo mzima. Dada Tumpe, aliyekuwa mpimaji kabla ya Atuganile, alikuwa amemwonyesha Pacha wake akivunjika mgongo, mara moja tu, kwa sababu alimhurumia na hakutaka aumie kweli. Lusekelo hakuumia. Ila kuanzia siku hiyo, kila alipoinama kushika kitu kizito, mwili ulisimama katikati ya njia ukakataa kuendelea. Ndiyo maana ikawekwa sheria kwamba mnyanyuaji haonyeshwi Pacha, wala hasimuliwi.

"Mpimaji leo amekuja mwenyewe jikoni," alisema. "Nani kafa?"

"Hakuna." Atuganile akachukua kikombe kingine, akaanza kumsaidia kuchota. "Kaka Luse. Naomba kukuuliza kitu. Usikasirike."

"Uliza. Nikikasirika nitafanya nini, nikurushie sufuria?" Akacheka, kicheko kizuri kabisa. Atuganile hakuweza kucheka naye.

"Dada Tumpe alikosea?"

Kikombe kikasimama juu ya maharage. Mvuke ulimpanda usoni, naye hakuukwepa.

"Mgongo ninao," Lusekelo alisema. "Asubuhi naamka, nausikia upo. Nainama kuvaa viatu, vizuri tu. Mwanangu wa pili amezaliwa mwaka jana. Kila mtu pale nyumbani amembeba. Bibi yake, ambaye haoni vizuri, amembeba. Mimi hukaa kitandani wananiwekea mapajani."

Akaendelea kuchota.

"Sijui kama alikosea. Pengine leo ningekuwa kwenye kiti cha magurudumu. Ila nakumbuka kitu kimoja. Alinikuta nafunga kamba za viatu, akanishika mkono, akanivuta mpaka kwenye kioo. Alikuwa analia yeye. Nilikuwa namfariji mimi, hata kabla sijajua ni kitu gani." Alimtazama Atuganile, na macho yake yakawa makali. "Ni Subi, siyo?"

Atuganile alichota kikombe kimoja, kikamwagikia vidole.

"Usiniambie," Lusekelo alisema. "Mimi nikijua, nitamwangalia tu naye atajua. Toka. Nenda."

*

Usiku wa kuamkia Jumamosi Atuganile alilala Dodoma akiwa na sentensi tatu tayari. Ya kwanza ilikuwa ndefu, yenye kano na nyonga. Ya pili ilikuwa fupi. Ya tatu ilikuwa swali: Dada Subi, unataka kujua? Lakini hata swali lilikuwa ni kumwambia. Nani huulizwa hivyo kwa habari njema?

Ukumbi ulijaa. Chumba cha nyuma, ambako wanyanyuaji walijiandaa, kiyoyozi kilivuma na harufu ya dawa ya kuchua ikakaba koo. Subilaga alikaa kwenye kiti na taulo kichwani, akitafuna karanga moja moja. Alikuwa ameshanyanyua mara mbili, mia na ishirini na mbili, kisha mia na ishirini na saba, na zote mbili zilipita. Zamda, msichana wa Kigoma mwenye mikono mirefu, alikuwa amefunga na mia na thelathini. Ikabaki zamu moja ya Subilaga. Mia na thelathini na moja angekuwa kwenye timu. Chini ya hapo angekuwa akiba kwa mara ya tatu, na mara ya tatu ndiyo ya mwisho.

Atuganile alikuwa amejibanza kwenye kona na kibao chake cha mkononi. Vipimo vipya vilikuwa vimeingia, na Pacha mdogo, ukubwa wa kiganja, alikuwa akinyanyua. Aliomba. Hakuwahi kuomba namna hiyo: aliomba ziwe nne. Au hata tano. Sheria ilisema zaidi ya nusu, tano ingetosha kukataa. Taa ibaki nyekundu, sheria imsemee, na yeye asimame pembeni akiwa na sura ya pole kama watu wengine wote.

Zikawa sita.

Mwalimu Ngailo alimtazama kutoka upande wa pili wa chumba. Atuganile akainua vidole, vitano vya mkono huu na kimoja cha mkono ule. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, kisha akageuka upesi, kama mtu asiyetaka kuonekana usoni.

"Mbeya, Subilaga Mwaisumo," kipaza sauti kiliita.

Saa ya ukutani ikaanza kurudi nyuma. Subilaga akatupa taulo, akaja, akageuka, akainamisha kichwa na kusubiri, kama asubuhi zote za miaka minne.

"Mkono."

Atuganile alichovya kiganja kwenye chaki. Akakigusisha mgongoni, vidole tu kwanza, na Subilaga akaruka.

"Mama wee! Mbona wa baridi hivyo, kama chura? Leo hapakuwa na chai?"

"Kiyoyozi."

Subilaga akageuza shingo, akamtazama kwa pembe ya jicho. Kicheko kilikuwa bado mdomoni, lakini macho yalikuwa yanatafuta. "Vipi, mdogo wangu? Unaogopa kuliko mimi?"

"Dada Subi..."

"Sema upesi, saa inakwenda."

Sentensi zilikuwepo zote tatu. Alizihisi ulimini, zimepangwa, kila neno mahali pake. Nyuma ya sentensi hizo alimwona Lusekelo ameketi kitandani, anasubiri kuwekewa mtoto wake mapajani. Nyuma ya Lusekelo alimwona Pacha, ameanguka bila sauti. Mwalimu akasema, "Binti!" Wasimamizi wakafungua mlango, na kelele za ukumbi zikaingia kama maji.

"Nyanyua vizuri," Atuganile alisema.

Kiganja kikatua. Taa ikawa kijani.

*

Watu waliokuwepo baadaye walisema hawajawahi kuona unyanyuaji mzuri kama ule. Atuganile hakuuona. Aliuangalia kwenye kibao, ambako haukuwa na uso wala shangwe, ulikuwa mistari tu. Mstari wa chuma ukapanda, ukajikunja juu, ukashuka kidogo. Subilaga alikuwa amezama chini, chuma kifuani. Mstari wa goti la kushoto ukaruka ukapita mahali ambapo haujawahi kufika, ukatetemeka huko juu, ukakaa, ukakaa, ndipo ukaanza kushuka. Subilaga alikuwa amesimama. Kisha mstari mwingine, mfupi na mkali, chuma kikaenda juu ya kichwa, na ukumbi ukalipuka.

Waamuzi wakawasha taa tatu nyeupe, alama ya kufaulu. Mwalimu Ngailo alikuwa amepiga magoti sakafuni, analia kama mtoto.

Atuganile alibaki na kibao. Nambari zilikuwa zinaingia bado. Kano ilikuwa haijakatika. Ilikuwa imebaki nyuzi chache, kama kamba ya ndoo iliyosagika kisimani. Pacha alichukua vipimo vipya akasimama. Akatembea, sawa. Akachuchumaa bila mzigo, akayumba, akainuka.

"Mpimaji!" Subilaga alikuwa anaita kutoka jukwaani, mikono juu, uso umejaa machozi na chaki. "Mpimaji wangu yuko wapi? Mleteni huyo, anajificha!"

Watu wakacheka. Mtu akamshika Atuganile kiwiko, mwingine akamsukuma mgongoni. Akaona jukwaa, na ngazi zake za mbao mbele, na akakumbuka desturi. Vidole vyake vikaandika vyenyewe, huku akisukumwa: kilo hamsini na mbili mgongoni, ngazi, kushuka. Kushuka ngazi na mzigo ni kazi ya kano ileile, maana goti lililokunjwa ndilo linalomzuia mtu asiporomoke. Pacha akagonga kidole gumba, akashusha mguu. Akaanguka. Akasimama, akashusha mguu, akaanguka. Mara zote kumi alianguka.

"Dada Subi, hapana, ngoja..."

Lakini ilikuwa sauti yake ileile isiyofika nyuma ya darasa, na Subilaga alikuwa ameshageuka, ameshaipitisha mikono yake imara chini ya magoti ya Atuganile, ameshamrusha mgongoni kama mtu anavyojitwisha gunia la pamba.

"Huyu ndiye!" aliuambia ukumbi. "Mtu wa maneno mengi kuliko wote Mbeya!"

Vicheko, vigelegele. Kibao kikaanguka sakafuni. Atuganile alikuwa amemshika mabega, akilihisi joto lake, na moyo wa Subilaga ukidunda kwa furaha kupitia utando.

"Nishushe. Dada Subi, nishushe, nakuomba."

"Nyamaza, daktari. Wewe hata si uzito wa kupashia mwili moto."

Alikuwa amefika juu ya ngazi. Akanyanyua mguu wa kushoto, akaunyoosha mbele, hewani.

"USISHUKE!"

Hakujua kama ni yeye. Ilitoka mahali fulani chini ya tumbo, ikamkwaruza koo, ikagonga ukuta wa nyuma wa ukumbi na kurudi. "Usishuke! Goti linakatika! Usiweke mguu!"

Vigelegele vikakatika, vya mbele kwanza, kisha vya nyuma. Subilaga aliganda na mguu wake hewani. Taratibu akalegeza mikono, na Atuganile akateleza mpaka akasimama nyuma yake. Alipoinua macho, mgongo wa Subilaga ulikuwa mbele yake kabisa, na katikati ya mabega ule mkono mweupe, vidole vyote vitano, umeanza kulowa jasho.

"Unasema nini?" Subilaga aliuliza. Hakugeuka.

"Kano ya goti la kushoto. Imebaki kidogo sana."

"Imebaki. Kwa hiyo ilianza zamani." Sauti yake ilikuwa ya upole wa kutisha. "Siku ile ya mtambo kusumbua."

"Ndiyo."

"Pacha alianguka."

"Alianguka mara nne. Mara sita alinyanyua."

"Alianguka vipi?"

Atuganile hakujibu, na kutokujibu kwake kukamjibu. Akaona mabega yale yakianza kutetemeka. Subilaga alikuwa anajaribu kuurudisha mguu nyuma, kuuweka tu kwenye ubao wa jukwaa, mahali salama, na mguu haukurudi. Ulisimama hewani kati ya ngazi na jukwaa. Mwili ambao haukuwahi kusita mbele ya chuma chochote ulikuwa unasita, na Atuganile alikuwa ameshauona msito ule kabla, jikoni, juu ya sufuria ya maharage.

Mwalimu Ngailo alipiga hatua moja kuja kwao. Akaishia hapo.

"Na ukanipa mkono," Subilaga alisema.

"Sheria inasema..."

"Sikuulizi sheria." Akameza mate. Kwa miaka minne alimwita daktari, mpimaji, mdogo wangu. Sasa alimwita kwa jina. "Atuganile. Mimi nikihisi ule mkono najua nimeambiwa kitu. Kila siku najua. Leo ulikuwa unaniambia nini?"

Ukumbi mzima ulikuwa unasikiliza. Atuganile angeweza kunong'ona. Sikio la Subilaga lilikuwa karibu kuliko lilivyowahi kuwa. Lakini alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika hadi mlangoni, na ikasikika.

"Mkono ulikuwa unasema sita kwa kumi," alisema. "Mimi nilikuwa nataka kusema usipande."